Povu Alilolisifu Mjomba

Mjomba wangu alipoletwa kwangu Nsemulwa, mjini Mpanda, akiwa amevimba miguu, nilifurahi. Sisemi nilihuzunika kwanza halafu nikafurahi, wala sisemi shetani alinipitia. Nilikuwa uani nachuja asali, nikasikia pikipiki inanguruma nje, nikainuka na mikono inanata, nikamwona ameshikiliwa na dereva wa bodaboda kama gunia la mahindi, viatu amevishika mkononi kwa sababu haviingii tena. Nikaitazama ile miguu. Ilikuwa imejaa, inang'aa, ukibonyeza kwa kidole unaacha shimo. Nikasema moyoni, karibu mjomba, malipo ni hapa hapa duniani. Kwa mdomo nikasema shikamoo.

Huyu ni kaka mkubwa wa mama yangu, na kwetu Inyonga yeye si mtu wa kupitwa hivi hivi. Ana mizinga porini tangu kabla sijazaliwa, magogo aliyoyatoboa kwa mkono wake na kuyatundika juu ya miti, na kila mti anaujua na tabia ya nyuki wake. Harusi haifungwi bila yeye, msiba haumalizwi bila yeye, na mtoto akikohoa watu wanamwuliza yeye kabla ya kuuliza zahanati. Dawa zake zote zina kitu kimoja ndani. Jicho, asali. Kidonda, asali. Mke aliyekimbia, asali, na sijui huyo mume alitakiwa aipake wapi.

Tena ni fundi wa wanzuki. Wanzuki ni pombe ya asali: unachanganya asali na maji, unaweka mahali penye joto, unasubiri ichachuke. Wengine huionja. Mjomba haonji. Anafunua mtungi, anainama, anaangalia povu. Likiwa jingi, jeupe, limepanda mpaka mdomoni mwa mtungi, anasema imekubali, uchafu unatoka. Lisipokuwepo anaamuru imwagwe. Nimekua nikimwona akifanya hivyo, na kijiji kizima kililiamini jicho lake kuliko kinavyoamini mizani ya dukani. Kwa pombe hakuwahi kukosea. Hilo nampa.

Mama yangu alipata ugonjwa wa sukari mimi nikiwa nimeshahamia mjini Mpanda na biashara yangu ya asali. Nilimleta hospitali, akapewa vidonge, vidonge vikashindwa, akaanzishiwa sindano za insulini. Nikajifunza kumchoma, nikamfundisha ajichome mwenyewe, kwenye nyama ya tumbo, pembeni mwa kitovu, leo huku kesho kule. Kwake hakukuwa na friji. Tulichukua chungu kidogo, tukakiweka ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, na vichupa vya insulini vikakaa humo, pembeni mwa chumba chake, vikiwa vya baridi hata jua liwake vipi. Mama alikuwa na bidii nacho. Kila asubuhi aliunywesha mchanga maji kabla yeye mwenyewe hajanywa uji.

Kisha siku moja nilikwenda kumwona, nikafunua kile chungu kidogo ili niongeze vichupa, nikakuta asali. Asali nzito nyeusi, imefika nusu, na mizizi imelala ndani yake. Nikamwuliza mama vichupa viko wapi. Akaniambia, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, kwamba mjomba wako amevitupa chooni.

Alikuwa amemweleza dada yake kwamba ile sukari inayomsumbua ni sukari ya kiwandani, ya chai na soda, na kwamba asali si sukari, nyuki hana kiwanda. Sindano, akasema, inaufungia uchafu ndani ya damu, wakati dawa yake inautoa nje. Na ushahidi alikuwa nao. Kila asubuhi mama alikuwa anakojoa kwenye kopo, na mjomba anakuja, anainama kama anavyouinamia mtungi wa wanzuki, anaangalia. Mkojo ulikuwa na povu. Povu jingi, jeupe, unaweza kukaa ukalisubiri na lisiondoke. Mjomba akasema imekubali. Uchafu unatoka.

Mama alicheka siku ile aliyonisimulia. Alifurahi, masikini, na mimi nilipompinga aliniuliza sasa mbona linatoka jingi hivi kama hakuna kinachosafishwa. Nikampelekea vichupa vingine. Nikiwepo, anachoma. Nikigeuza mgongo tu, anaacha, kwa sababu nani angemkatalia kaka mkubwa? Mjomba aliendelea kuja na kopo likaendelea kusifiwa, na kila lilivyosifiwa ndivyo miguu ya mama ilivyozidi kuvimba. Halafu uso. Halafu chakula kikaanza kumkera, kila kitu akasema kina ladha ya msumari. Tulipomleta Mpanda safari ya mwisho, figo zilikuwa zimeshakufa. Wakatuambia habari ya mashine ya kusafisha damu iliyo mbali, nje ya mkoa, na sisi tukawa tunajipanga kwa safari. Mama hakusubiri tujipange. Siku zake za mwisho nilikuwa namchoma insulini mimi mwenyewe, na ndugu waliokuja kumwona waliniona na sindano mkononi.

Msibani mjomba alisimama kando ya jeneza. Wote waligeuka kumsikiliza, maana huyo ndiye mwenye neno. Alisema hivi, na nayarudia kama alivyoyasema, sijaongeza chumvi: "Dada yangu alikuwa anapona. Uchafu ulikuwa unatoka. Aliyemuua ni mwenye sindano, na yuko hapa hapa, amekaa."

Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinitazama tu, kisha wakaacha kunitazama, na hilo la pili ndilo lililonikata maini. Tangu siku ile kwenye shughuli za ukoo sikupewa mwiko. Nilipewa masufuria ya kuosha. Mtoto wa ndugu yangu akiugua wanatania eti msimpeleke kwa yule, atamchoma. Wanacheka, na mimi natakiwa nicheke. Mama mkubwa, dada wa mama, alikuwa akinisalimia akiangalia kilemba changu. Nimeishi hivyo miaka. Mwenye shoka husahau, mti hausahau, na mimi ndiye mti.

Sasa mti ukaletewa shoka nyumbani, limevimba miguu.

Ndugu walimleta kwangu kwa sababu moja tu: hospitali iko mjini na mimi nina chumba. Alikaa kitandani, akaomba maji, akamaliza jagi, akaomba tena. Nikamwuliza ameanza lini kuwa na kiu hivi. Akasema ni joto. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Choo changu kiko uani, cha shimo, na pembeni kuna pa kukojolea penye saruji. Alipotoka niliingia mimi na ndoo ya maji. Sikumwaga maji mara moja. Nilisimama nikaangalia. Povu lilikuwa limekaa pale juu ya saruji kama mtu amefulia. Na sisimizi wameshaanza kupanga foleni.

Nilicheka. Peke yangu, chooni, nimeshika ndoo. Nilitamani nimwite aje ainame aangalie, aseme imekubali.

Mume wangu akaniambia tumpeleke hospitali kesho yake. Mume wangu ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia, amekulia kwenye makazi yao huku huku mkoani kwetu, na ni mtu wa maneno machache ambayo hukaa akayachagua. Alinitazama nikimtandikia mjomba kitanda, shuka nimelivuta mpaka halina hata kunyanzi, akaniuliza, "Unamtunza, au unamla?" Nikamwambia vyote.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada mfupi mwenye sauti nzito. Alimpima sukari, kifaa kikasoma namba za kutisha. Akachukua mkojo wake, akachovya kijiti cha karatasi, na kile kipande cha njano kikageuka kijani palepale. Akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliwahi kuugua. Nikasema yupo, mama yangu, dada wa huyu mzee, alikufa kwa figo. Nikasema taratibu, kila neno peke yake. Mjomba akashika ukingo wa kiti.

Ndipo yule daktari akatueleza, na Mungu ambariki aliyeuzaa mdomo ule. Alisema ndani ya figo kuna vichujio vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja ni fundo la mishipa myembamba ya damu. Mishipa hiyo imevalishwa kwa nje na seli zenye miguu, na miguu ina vidole, na vidole vya seli moja vinaingia katikati ya vidole vya jirani yake. Akapachanisha vidole vya mikono yake miwili, akavinyanyua kwenye mwanga wa dirisha tuone nafasi zilizobaki katikati. Hapa, akasema, maji yanapita, na taka za mwili zinapita. Protini haipiti, inarudi kwenye damu, maana mwili unaihitaji. Sasa sukari ikikaa juu muda mrefu, damu inavisukuma vichujio kwa nguvu kuliko vinavyoweza kustahimili, na sukari yenyewe inanata kwenye kuta mpaka zinakakamaa na kunenepa. Zile seli zinachoka. Vidole vinalala, vinakuwa bapa, vinaachia. Akaviachanisha vidole vyake.

Zinazoachia, alisema, zinasombwa na mkojo. Na hazioti nyingine. Ngozi ikichubuka inaota, nywele zinaota, lakini hizi zikienda zimekwenda. Zilizobaki zinajinyoosha kuziba pengo, zinabeba mzigo usio wake, na zenyewe zinaachia. Mwisho kichujio kizima kinakuwa kovu, hakichuji tena kitu. Huku nyuma protini inavuja kupitia mapengo, na protini ikimwagika kwenye mkojo inafanya povu, kama ute wa yai ukiupigapiga. Si kila povu ni ugonjwa, alisema, ndiyo maana tunapima.

Mimi nachuja asali kila siku iendayo kwa Mungu. Kitambaa kikichakaa, nyuzi zinasogea, na unaanza kuona nta na miguu ya nyuki kwenye chupa ya mteja. Sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Tofauti ni kwamba mimi kitambaa nakitupa, naenda sokoni kuchukua kingine.

Nilikuwa nimeshaelewa, lakini niliuliza. Niliuliza kwa ajili ya mzee aliyekaa kando yangu. Nikasema, "Kwa hiyo daktari, povu likiwa jingi, ni uchafu unatoka?"

"Uchafu ndio unaobaki, mama," akasema. "Kinachotoka ni kile kilichotakiwa kubaki."

Roho yangu ilisuuzika. Sina neno lingine. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo bila kujua kama ipo duniani, na sasa imesemwa na mtu mwenye koti jeupe, mchana kweupe, na mjomba akiwa hana pa kukimbilia. Alikuwa anaangalia sakafu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kama mtu anayerudia hesabu iliyokataa.

Kisha daktari akasema jambo lililobadilisha mipango yangu yote. Alisema kwamba huyu mzee vichujio vyake havijafa. Vimeumia, vilivyokwenda havirudi, ila vilivyobaki vinaweza kulindwa miaka mingi akishusha sukari kwa sindano, akameza vidonge vya presha, akaacha vitamu. Akasema bado kuna cha kuokoa.

Mama yangu alikuwa nacho pia. Kilikuwa kwenye chungu, kikatupwa chooni.

Nilikuwa nimeomba afe, tena afe hivyo hivyo alivyokufa dada yake, akila chakula chenye ladha ya msumari. Lakini pale hospitali nikaona kwamba kufa kungekuwa kumpendelea. Akifa atazikwa na maneno yake, watu watamlilia, na mimi nitaosha masufuria kwenye arobaini yake. Thubutu! Ataishi. Ataishi kwa sindano, ya mkono wangu, asubuhi na jioni, na wote watamwona. Na siku moja atasimama mbele ya ukoo aliponisimamisha, aseme yaliyo kweli kuhusu mama yangu. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikutaka kingine chochote chini ya jua.

Nesi alitaka kumfundisha ajichome mwenyewe. Nikawahi. Nikamwambia mzee mikono inatetemeka, haoni vizuri mistari ya bomba, mimi nitamchoma. Mjomba akanyanyua kichwa kunitazama. Huyu ni mtu anayepanda mti usiku wa giza na moshi mkononi, katikati ya nyuki waliokasirika, na mikono yake haijawahi kutetemeka hata siku moja. Nadhani alianza kuelewa.

Ua wangu upande wa barabara hauna uzio. Hapo ndipo nilipomwekea kiti. Watu wanakwenda kazini, wanafunzi wanapita, majirani wanachota maji, na mjomba amepandisha shati. Siku ya kwanza alisema tuingie ndani. Siku ya pili aliomba walau kanga itundikwe. Nikamwambia, "Mjomba, kama sindano hii inaua, acha watu waone inavyoua." Akafumba macho. Nikachoma. Nilichoma vizuri, sikumuumiza hata kidogo, na hilo nalo lilikuwa makusudi. Sikutaka apate hata kovu la kunilalamikia.

Ndugu walipokuja kumwona kutoka Inyonga nilihakikisha wanafika saa ya sindano. Nikawakalisha kwenye mkeka, nikawapa chai, halafu nikatoka ndani na kisahani changu. Mama mkubwa aliacha kikombe hewani. Mjomba akapandisha shati mwenyewe, maana alikuwa ameshazoea, na mimi nikafanya kazi yangu nikirudisha vitu kwenye kisahani kimoja kimoja. Hawakuuliza, na yeye hakueleza. Walikunywa chai yao wakaenda kupanda basi.

Asali aliiona kila siku. Nilikuwa nachujia pale pale mbele yake, tena nyingine ilikuwa ya mizinga yake mwenyewe, iliyoletwa na vijana wake. Inadondoka taratibu kutoka kitambaani, harufu imejaa uani, na yeye mbele yake ana dona kiasi cha ngumi, mchicha, na samaki mkavu kutoka ziwani Kapalamsenga niliyemloweka mpaka chumvi ikatoka. Siku moja aliniambia mwanangu, niache hata nilambe kidole. Nikamwambia asali ni sukari, mjomba. Nyuki ana kiwanda. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mume wangu alinisikia kutoka ndani, jioni akaniambia naanza kufanana na yule ninayemchukia. Tulinuniana siku kadhaa.

Lakini alipona, kwa namna wanavyopona watu wa ugonjwa ule. Miguu ilinywea, viatu vikaingia. Kiu ikaisha. Kila tulipokwenda kliniki daktari alichovya kijiti chake, na kijani kikawa kinapauka. Akanisifu mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi, akasema mzee huyu ana bahati ya mtu wa kumwangalia. Mjomba akaitikia kwamba ni kweli, ana bahati. Sijui alimaanisha nini. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mbele yake, sikutaka anione uso.

Ndipo akaomba arudi kwake. Msimu wa asali ulikuwa unafunguka, na zaidi ya hapo ukoo ulikuwa umepanga kukutana Inyonga kulijengea kaburi la mama msalaba wa saruji. Nesi angemfundisha kujichoma nusu saa tu akaondoka. Nikamwambia utaondoka siku utakaposema. Hakuniuliza niseme nini.

Alisugua magoti. Kisha akasema, "Mtu mzima havuliwi nguo mbele ya watoto, mwanangu."

"Mimi ulinivua mbele ya jeneza," nikamwambia.

Hatukuongea tena habari hiyo. Nilimchoma jioni ile, nikamchoma asubuhi yake, na siku zikaenda hivyo, yeye akiangalia barabara. Siku ya kuondoka kwenda kwenye msalaba nilifungasha vichupa kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, na tukapanda basi la Inyonga tumekaa pamoja. Nilikuwa nimeamua. Asiposema, narudi naye Nsemulwa, na atakaa kwenye kile kiti mpaka azeeke au nizeeke mimi.

Kule walikuwa wameshachanganya saruji. Msalaba ukasimamishwa, mchungaji akaomba, tukarudi uani kwa mama mkubwa kwa ajili ya chakula. Nilikuwa nimeshapelekwa kwenye masufuria. Nikasikia mjomba anagonga fimbo yake chini. Nikatoka na mikono ina majivu.

Alisimama. Hakuzunguka. Alisema, "Dada yangu hakuuawa na sindano. Sindano ndiyo inayoniweka hapa mnaponiona. Nililiona povu lake nikasema uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Nilikaa kila asubuhi nikiangalia uhai wa dada yangu unamwagika kwenye kopo, na mimi nausifia. Huyu mtoto nilimsingizia."

Kila neno. Hata lile la kopo, ambalo sikuwahi kumdai. Nilisimama pale mlangoni mwa jiko nikisubiri. Nilikuwa nimeifikiria saa hiyo kwa miaka, nimeipamba, nilikuwa najua watageuka wote wanitazame, najua nani atalia na nani atashindwa kuinua uso. Nilikuwa hata nimechagua nitasimamaje.

Mama mkubwa aliinuka. Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia pole, kaka. Pole sana, umebeba mzigo mzito, hukujua. Na uani kote pole zikaanza, pole mzee, pole baba, hukujua, nani angejua, ni mapenzi ya Mungu. Wakamletea kiti chenye mto. Wakamletea chai, na mmoja akakumbuka kukimbia kuirudisha kwa sababu ilikuwa na sukari, na wote wakasema mwaona jinsi tunavyompenda. Wanawake walikuwa wanafuta machozi. Kijana mmoja alisema huyu ndiye mzee wa kweli, wangapi wangethubutu. Mjomba alikuwa akitikisa kichwa, akijaribu kusema kitu, wao wakimtuliza.

Mimi nilipata neno moja. Binamu yangu alinipita na ndoo, akasimama kidogo, akasema, "Basi sasa na wewe usiwe na kinyongo."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu ameua, amesingizia, ameungama, na pole ni zake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia samahani. Nilirudi kwenye masufuria, na niliyasugua mpaka yakang'aa. Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira, machozi yakidondokea majivuni, na nilimlilia mama yangu kwa mara ya kwanza bila kubaki na mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, chote, bila kupunjwa hata neno, na kikawa chepesi mkononi.

Asubuhi yake mjomba alikuwa ameshakaa nje kwenye kigoda, shati limepandishwa, anasubiri. Uani hakukuwa na mtu mwingine. Nilimletea kisahani. Nikavuta kigoda kingine nikakaa mbele yake, nikamwekea kichupa mkono huu na bomba mkono huu. Nikamwonyesha mstari anaotakiwa kufika. Nikamwonyesha anavyovuta dawa, anavyogonga ili hewa itoke, anavyobana nyama kwa vidole viwili, kama nilivyomwonyesha dada yake.

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. Akasema alidhani sasa tumeyamaliza, mwanangu, alidhani nitarudi naye Mpanda akae kwangu, safari hii kwa kupenda.

"Mimi sina cha kumaliza na wewe tena, mjomba. Kuanzia leo utajichoma mwenyewe."

Alivuta dawa. Alipofika kwenye mstari alisimama, sindano ikielekea tumboni, akaniuliza, "Na nikikosea?"

"Ukikosea, safari hii huna wa kumsingizia."